Mtoto hukua awe kama mzazi: namna Wamormoni wanavyomkaribia Mungu

Nyuma kidogo ya Mahakama ya Ndizi, pale Mabibo, kuna fremu ndogo ya mama mmoja fundi cherehani. Ndiye anayenipunguzia suruali, na ndiye aliyenitia katika habari hii bila kukusudia. Mwezi wa pili mwaka jana nilimkuta amesukuma vitambaa pembeni, amefungua daftari. Alitaka kukopa kwenye kikoba anunue ovaloki ya pili, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, aweke kijana wa kumsaidia, apokee oda ya sare za shule. Kurasa mbili zilijaa mwandiko wa kalamu ya risasi: kodi ya fremu, LUKU, uzi, vifungo, riba, posho ya kijana. Tulizipitia pamoja. Hesabu zilikaa vizuri.

Wiki mbili baadaye nikaenda kuchukua suruali. Ovaloki mpya hakuna.

"Sikukopa, mwanangu," akaniambia. "Nilifunga, nikauliza. Kila nikipiga magoti juu ya ule mkopo, mawazo yanaganda. Nasahau hata nilichokuwa naombea. Nikaelewa."

Mimi nimelelewa Kilutheri, na naishi katika jiji ambalo nguzo za umeme zimebeba mabango ya manabii. Mtu kusema Mungu kamjibu si jambo geni kwangu. Kilichonishangaza ni aina ya jibu. Watu husimulia sauti, ndoto, maono, mwili kusisimka. Sikuwahi kumsikia mtu akisema kwamba Mungu alimjibu kwa kumsahaulisha. Nikamuuliza hilo kalitoa wapi. Akainama, akatoa kitabu chini ya meza ya cherehani, kurasa zake zimenasa vipande vya uzi, akanifungulia sehemu ya 9 ya kitabu cha mafunuo ya kanisa lake, kiitwacho Mafundisho na Maagano. Maneno yale aliandikiwa mwalimu mmoja kijana wa shule, Oliver Cowdery, mwezi wa nne mwaka 1829, huko Harmony, Pennsylvania, Marekani. Na yalisema karibu vilevile alivyosema mama fundi.

Yeye ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mtaani wanaitwa Wamormoni, kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni wanachokisoma pamoja na Biblia. Tangu 2018 kanisa limeomba liitwe kwa jina lake kamili, na ombi hilo ni la haki. Nikitumia jina fupi humu ni kwa sababu ndilo wasomaji wengi wanalolijua, bila nia ya kudharau.

Oliver alikuwa na kisa chake. Alikuwa karani wa Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, akiandika huku mwenzake akitamka tafsiri ya Kitabu cha Mormoni. Naye akatamani kutafsiri. Akaruhusiwa, akajaribu, akashindwa. Sehemu ya 9 inamweleza kwa nini: alidhani atapewa tu, bila kufikiri, kazi yake ikawa kuomba peke yake. Alitakiwa kwanza alichunguze jambo akilini mwake, afikie uamuzi, ndipo aulize kama uamuzi huo ni sahihi. Ukiwa sahihi, kifua chake kitawaka ndani yake. Ukiwa si sahihi, atapatwa na ganzi ya mawazo itakayomfanya asahau jambo lililo kosa. Na sehemu ya 8, iliyotangulia kidogo mwezi uleule, ilikuwa imemwambia kwamba Roho atasema naye akilini na moyoni, vyote viwili.

Nimerudia kusoma mistari hiyo mara nyingi, na kwa maoni yangu ufunguo wa jambo lote umo humo. Ukiuelewa, Wamormoni wataacha kuonekana kitendawili.

Kuna ujuzi wa Mungu unaopatikana kwa kufundishwa, na kuna ujuzi unaopatikana kwa kuonja. Wazee wa pwani walitenganisha elimu ya dhahiri na elimu ya batini, na Waislamu wana neno lao, tasawufi. Mzaburi naye anasema, "Onjeni mwone ya kuwa Bwana yu mwema." Kila dini kubwa ina watu wa kuonja. Kwa kawaida ni wachache: mtawa kwenye chumba chake, shehe na wafuasi wa tarika yake usiku wa dhikiri, bibi mmoja wa kanisani ambaye kila mtu anajua ana kitu. Wengine wote wanabaki kusikia habari kutoka kwao. Wamormoni wanadai kwamba kuonja ni wajibu wa kila muumini, kuanzia mtoto wa miaka minane anayebatizwa hadi mzee. Mtu hawezi kuishi milele kwa ushuhuda aliouazima.

Chanzo ni kijana wa shamba. Mwaka 1820, karibu na Palmyra katika jimbo la New York, Wamethodisti, Wabaptisti na Wapresbiteri walikuwa wakigombania waumini. Joseph Smith alikuwa na miaka 14. Akasoma Waraka wa Yakobo 1:5, mstari ambao wengi wetu tumeukariri katika shule ya Jumapili: "Lakini mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu, awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei, naye atapewa." Akaenda msituni, akapiga magoti. Katika simulizi aliyoiandika kuanzia 1838, ambayo ndiyo iliyomo katika maandiko ya kanisa, anasema aliwaona Baba na Mwana. Iko simulizi ya zamani zaidi, ya 1832, na hiyo inatilia mkazo jambo jingine: kijana aliyeelemewa na dhambi zake, akalia kuomba rehema, akasikia kwamba amesamehewa. Wapinzani huzipanga simulizi hizi na kuhesabu tofauti. Waumini husema mtu husimulia tukio kubwa la maisha yake kwa namna tofauti kadiri anavyokua. Ile ya 1832 ndiyo inayonigusa mimi, kwa sababu hapo hakuna mwanzilishi wa kanisa. Yuko mtoto mmoja mwenye hofu na Mungu asiyekemea.

Neno "hakemei" ndilo lililobeba mzigo. Kuuliza si utovu wa adabu. Katika malezi yetu mengi, mtoto anayeuliza sana mbele ya wakubwa huambiwa anyamaze, na tabia hiyo tunaipeleka hadi kwenye sala: tunaomba vitu, hatuulizi maswali. Wamormoni wamejengwa juu ya swali. Kitabu cha Mormoni chenyewe kinamalizikia kwa kumwambia msomaji amwulize Mungu kama kilichoandikwa ni kweli. Vijana wa kimisionari unaowaona Dar es Salaam wawiliwawili, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani, hawana mafunzo marefu ya mabishano. Wanakuachia kitabu na kukusihi uulize.

Ndani ya kitabu hicho mna watu wa kuuliza. Enoshi alikwenda msituni kuwinda wanyama, lakini maneno ya baba yake yakamzama moyoni, nafsi yake ikaona njaa. Akapiga magoti akaomba mchana kutwa, usiku ulipoingia bado anaomba. Kwanza alijiombea mwenyewe. Alipopata amani, sala ikapanuka: akaanza kuwaombea ndugu zake, halafu maadui zake. Kuna mafundisho mengi kuhusu maombi, lakini sijaona mengi yanayoonyesha kwa uwazi hivi kwamba dalili ya mtu kumkaribia Mungu ni orodha ya anaowaombea kurefuka.

Na yuko Alma, anayehubiri maskini waliofukuzwa kwenye masinagogi waliyoyajenga kwa mikono yao wenyewe, kisa mavazi yao ni duni. Mama fundi alinisomea hapo polepole. Nguo ni kazi yake. Alma hawaambii waamini papo hapo. Anawaambia wafanye jaribio. Neno ni kama mbegu: ipandeni moyoni, msiing'oe kwa kutokuamini, muone kama itavimba na kuanza kuwa tamu kwenu. Ikiota, mmejua jambo moja tu, kwamba mbegu ile ni njema. Mti bado. Mti unataka maji na subira, na mtu akiuacha ukakauka asiseme mbegu ilikuwa mbovu. Imani hapa inaanza na tamaa ya kuamini, basi, halafu inakua kwa hatua ambazo mtu anaweza kuziangalia mwenyewe.

Sasa tuingie penye ugumu, maana hapo ndipo Wamormoni wanapoachana na Wakristo wengine, na mimi nikiwamo.

Watu wa batini wa dini nyingi wamezungumza juu ya mtu kujipoteza katika Mungu. Mfano mashuhuri wa masufi ni tone linalorudi baharini. Ukisimama Coco Beach jioni maji yakiwa yamejaa, mfano huo hauhitaji maelezo: tone likishaingia halitafutiki tena, na huo ndio uzuri wake. Mmormoni hataki kuwa tone. Mungu wake ni Baba, na neno hilo analichukua kwa uzito wake wote. Mwezi wa nne 1843 Joseph Smith alifundisha kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa unaoshikika kama wa mwanadamu, Mwana vivyo hivyo, ila Roho Mtakatifu ni nafsi ya roho. Mwezi uliofuata akasema roho yenyewe ni maada, ila ni safi na laini zaidi, macho yetu hayajaweza kuiona. Miaka 10 kabla yake, mwaka 1833, ufunuo mwingine ulikuwa umesema kwamba mwanadamu naye alikuwako hapo mwanzo pamoja na Mungu, na kwamba akili, ile nuru ya kweli iliyo kiini cha mtu, haikuumbwa wala haiwezi kuumbwa.

Weka mambo hayo pamoja. Kati ya Mungu na mtu hakuna ukuta wa asili mbili tofauti. Kuna umbali wa ukuaji, mrefu ajabu, kama ulio kati ya kichanga na mzazi wake. Kichanga hakirudi tumboni ili kimpate mama yake. Kinakua, kinajifunza kusema lugha yake, kinashika kazi zake, na siku moja kinamwelewa kwa sababu nacho kimelea. Ndiyo maana neno wanalolipenda ni kuinuliwa, na hawalipi nafasi neno kumezwa. Lorenzo Snow, aliyekuja kuwa rais wa kanisa, mwaka 1840 aliliweka jambo hili kwa ufupi wa kutisha: jinsi mtu alivyo sasa, Mungu aliwahi kuwa, jinsi Mungu alivyo sasa, mtu aweza kuwa. Tarehe 7 Aprili 1844, huko Nauvoo, Illinois, Joseph Smith akahubiri hilo hadharani katika ibada ya kumkumbuka rafiki aliyefariki, King Follett. Alisema watu hawana budi kujifunza kuwa miungu, kutoka hatua ndogo hadi nyingine, kutoka neema hadi neema. Haikupita miezi mitatu akauawa na kundi la watu wenye silaha katika jela ya Carthage, tarehe 27 Juni.

Wakristo wa makanisa ya zamani hawalikubali hilo, na inafaa tuseme wazi kwa nini. Kwetu sisi Mungu ni Muumba wa vyote pasipo mwanzo, na kiumbe hubaki kiumbe hata akitukuzwa kiasi gani. Mababa wa kanisa, kama Athanasio wa Aleksandria katika karne ya 4, walisema Mungu alifanyika mtu ili mtu afanywe mungu, na Waorthodoksi wanalifundisha hilo hadi leo, lakini kwa maana ya kushiriki nuru ya Mungu bila kufanana naye kwa asili. Wamormoni wanasoma Zaburi ya 82, "Mimi nimesema, Ndinyi miungu, Na wana wa Aliye juu, nyote pia," na Petro anaposema "mpate kuwa washirika wa tabia ya Uungu," wanasema maandiko yachukuliwe kama yalivyo. Mimi sijaweza kuvuka mto huo. Lakini nimeelewa kwamba anayeuvuka hafanyi hivyo kwa kiburi, maana swali linalofuata ni: huyo Mungu unayetaka kufanana naye yukoje?

Jibu limo katika sura ambayo ningempa mtu yeyote anayetaka kuwaelewa hawa watu. Katika kitabu cha Musa, ndani ya Lulu ya Thamani Kuu, juzuu nyingine ya maandiko yao, nabii Henoko anaonyeshwa dunia yote na uovu wake. Anatazama juu anamwona Mungu wa mbinguni akilia. Anashangaa. Anauliza, unawezaje kulia, wewe uliye mtakatifu tangu milele hata milele, uliyeumba dunia zisizohesabika? Mungu anamjibu kwamba hawa ni kazi ya mikono yake, nao wanachukiana. Henoko anapoelewa, naye analia, na moyo wake unavimba na kupanuka kama umilele. Hicho ndicho kilele cha maono yake. Hapo hakupewa enzi wala moto. Aligawiwa machozi ya Mungu. Kufanana na Baba, basi, maana yake ni moyo kupanuka mpaka uumie kwa ajili ya watu ambao ungeweza kuwapita tu barabarani.

Wanaamini pia kwamba yuko Mama wa mbinguni. Eliza R. Snow alimtaja katika shairi la mwaka 1845 na kanisa linalifundisha hilo mpaka leo, ingawa kwa maneno machache na hawamwombi.

Ukuaji huu unalindwa na maagano, yaani ahadi za pande mbili, kuanzia ubatizo. Kilele chake ni hekaluni. Hekalu si kanisa la Jumapili. Ni nyumba ambamo muumini huvaa nguo nyeupe, hufundishwa habari ya uumbaji na anguko, na huahidi kuishi sheria ya utii, ya dhabihu, ya injili, ya usafi wa kimwili na ya kuweka wakfu. Mengine hawayasemi nje, kwa heshima; pwani yetu inayojua jando na unyago haina haja ya kushangaa kwamba kuna mafunzo yenye mahali pake. La kwanza Afrika liliwekwa wakfu Johannesburg mwaka 1985. Mengine yakafuata, na la Nairobi likawekwa wakfu 2025; kwa waumini wa Dar es Salaam hilo lilikuwa tukio la machozi, kwa sababu Nairobi unafika kwa basi. Huko hufanya pia ibada kwa niaba ya marehemu wao, wakishika neno la Paulo kuhusu wanaobatizwa kwa ajili ya wafu. Mama fundi ana karatasi ya majina ya ukoo hadi babu wa babu yake, aliyoikusanya kwa simu kwa wazee wa kijijini. Kwake kukua kuelekea kwa Mungu peke yake, bila bibi yake, hakuna maana.

Swali linakuja lenyewe: kama kila mtu anapokea ufunuo, kwa nini kanisa lisisambaratike? Lilikaribia, ndani ya mwaka wake wa kwanza. Kanisa lilianzishwa tarehe 6 Aprili 1830. Mwezi wa tisa muumini mmoja, Hiram Page, akatokea na jiwe ambalo alisema anapokea kwalo mafunuo ya kanisa zima, na baadhi ya watu wakamfuata. Oliver Cowdery yuleyule alikuwa miongoni mwa waliovutwa, na sehemu ya 28 ikaandikwa kwake. Kanuni iliyotoka humo ni ya mipaka: mtu hupokea kwa ajili ya eneo alilokabidhiwa. Mama hupokea kwa ajili ya nyumba yake, askofu kwa ajili ya kata yake, yaani kusanyiko lake, rais wa kanisa kwa kanisa lote. Hakuna anayeweza kuingia kwenye fremu ya mama fundi akasema Mungu amenituma unipe laki mbili. Katika mji wetu, ambapo watu wameuza viwanja kwa sababu ya unabii wa mtu mwingine, kanuni hii peke yake ina thamani.

Lakini ina upande mwingine, na Mwafrika hawezi kuupita kimya. Tangu 1852, rais wa kanisa Brigham Young alipotangaza marufuku hadharani, hadi mwezi wa sita 1978, watu weusi wenye asili ya Afrika hawakuruhusiwa kupewa ukuhani wala kupokea maagano ya hekaluni. Mwanzoni haikuwa hivyo: Elijah Abel, mtu mweusi, alitawazwa mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai. Marufuku ilikaa miaka 126 katika kanisa linaloamini kwamba mbingu zinasema kila siku. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo yanayokana nadharia zote zilizowahi kutumiwa kuitetea, ikiwamo ile ya kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana. Vyema. Hata hivyo swali linabaki zito: akili na mioyo ya viongozi ilikuwa na ganzi gani kwa muda wote huo?

Ninachokiona cha ajabu ni kilichokuwa kikitokea huku kwetu wakati uleule. Nigeria, mwaka 1965, mwalimu wa shule aitwaye Anthony Obinna aliota ndoto ambamo alionyeshwa jengo zuri mno. Baadaye, wakati wa vita vya Biafra, akiwa amejifungia nyumbani, akaokota jarida la zamani na kuona picha ya jengo lilelile: hekalu la Salt Lake City. Akaandika barua Marekani, akaendelea kuandika, miaka ikapita bila wamisionari kutumwa kwake. Ghana, Joseph William Billy Johnson alikipata Kitabu cha Mormoni mwaka 1964, akakihubiri miaka 14, akajenga makusanyiko ya watu ambao kanisa walilolipenda halikuwa tayari kuwapokea. Marufuku ilipoondolewa chini ya rais Spencer W. Kimball, Obinna alibatizwa tarehe 21 Novemba 1978, na mwezi uliofuata wamisionari walipofika Ghana walikuta mamia wanaosubiri. Mipaka ya sehemu ya 28 inasema ufunuo wa kanisa zima hupitia juu. Hawa walikuwa chini kabisa, nje ya mlango, na walikuwa wameshasikia. Ukiniuliza nani walikuwa watu wa batini wa Kimormoni katika karne iliyopita, nitawataja hao kabla ya mwingine yeyote.

Kuna kitu kingine ambacho wahubiri huwa hawakisemi: mara nyingi hakuna kinachosikika. Joseph Smith mwenyewe alikaa jela ya Liberty, Missouri, kuanzia mwezi wa kumi na mbili 1838 hadi mwezi wa nne 1839, kwenye shimo lenye dari ambayo mtu mzima hakuweza kusimama wima chini yake. Kutoka humo ndiko ilikotoka sehemu ya 121, inayoanza kwa kumwuliza Mungu yuko wapi na amejificha hadi lini. Jibu alilopata lilimwita mwanangu, likampa amani, likamwambia mateso yake yatakuwa ya muda mfupi. Mlango haukufunguka siku hiyo. Alibaki mle zaidi ya majuma mawili.

Nilimwuliza mama fundi swali lililokuwa likinisumbua tangu mwanzo: unajuaje kwamba ni Mungu na si woga wako wa madeni? Ni swali la haki. Moyo huwaka kwa mengi. Mtu anaweza kuwaka kwa wimbo, kwa mapenzi, kwa Simba kuifunga Yanga. Wanafunzi wawili wa Emau waliambiana, "Je! Mioyo yetu haikuwaka ndani yetu," lakini waliambiana baadaye, wakitazama nyuma, njiani hawakumtambua.

Hakuwa na jibu la mara moja. Alinionyesha maisha yake, ambayo kwa kweli ndiyo jibu lao wote. Magoti asubuhi na usiku. Sura moja ya maandiko kabla ya kufungua fremu. Jumapili, mkate na maji katika vikombe vidogo kama vizibo, maji na si divai, kwa ukumbusho wa Kristo. Jumapili ya kwanza ya mwezi anafunga milo miwili na fedha ya milo hiyo anaitoa kwa wahitaji, kisha waumini husimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda, bila mchungaji wa mshahara, maana hata askofu wao anafanya kazi zake za kawaida Jumatatu. Hanywi pombe, kahawa wala chai, kwa ajili ya Neno la Hekima la mwaka 1833. Kukataa chai ya rangi katika kila nyumba unayokaribishwa Dar es Salaam ni mtihani kuliko inavyosikika. Yeye huomba maji ya moto na tangawizi, na wenyeji wameshamzoea. Katika miaka yote hiyo, anasema, amejifunza kutofautisha. Woga wake anaujua: unamkimbiza, unamkosesha usingizi, unamfanya ahesabu tena na tena. Ile ganzi ilikuja na utulivu. Na mara mbili alikosea, akadhani ni Roho kumbe ni hamu yake. Akazitaja zote mbili, na hasara yake kwa shilingi.

"Mtoto anajifunza sauti ya mama yake kwa kukaa naye, mwanangu. Kuna siku ataitika sauti ya jirani."

Mwezi wa nane nilipita tena na shati la kubadilisha kola. Daftari lilikuwa wazi mezani. Zile kurasa mbili za mwanzo zilikuwa zimepigwa mstari, na chini yake hesabu mpya: bei ya ovaloki iliyotumika, oda ndogo zaidi, hakuna riba, akiba ya miezi sita. Nikamwuliza kama ameshauliza tena.

"Bado," akasema, akichukua futi aupime mzunguko wa shingo yangu. "Kwanza nimalize kuchunguza."